Gulio la vitabu vya maktaba Marekani: jinsi ya kuingia, kuchagua, na kuvisoma kweli wiki inayofuata

Kama unaishi Marekani, unapenda kusoma, na bado unanunua kila kitabu dukani kwa dola 18 au 20, basi kuna kitu hujaambiwa. Karibu kila maktaba ya umma huku ina kikundi chake cha marafiki wa maktaba, wanaitwa Friends of the Library, wengi wao ni wastaafu wanaojitolea tu, na kazi yao kubwa ni kupokea vitabu vya watu, kuvichambua, kuvipanga mezani na kuviuza kwenye gulio mara moja au mbili kwa mwaka. Hela inarudi maktaba, inalipia vipindi vya watoto na vitu vingine ambavyo bajeti ya mji haifiki. Bei sasa: kitabu cha jalada laini senti 50 mpaka dola moja hivi, cha jalada gumu dola moja mpaka tatu, na siku ya mwisho sehemu nyingi unajaza mfuko mzima kwa dola tano au kumi. Mfuko mzima, ndiyo, usicheke.

Ila shida ya gulio sio kulipata, shida inakuja baada ya kutoka pale. Bei ikiwa chini namna hiyo mtu anabeba hata asichokijua, maboksi yanaingia chini ya kitanda, yanakaa mpaka siku ya kuhama, na siku ya kuhama hakuna anayetaka kubeba kilo arobaini za karatasi ghorofa ya tatu. Kwa hiyo mwongozo huu hauishii mlangoni kwa gulio, unaenda mpaka wiki ya kusoma na vile vitakavyobaki utavipeleka wapi.

Siku chache kabla: jua liko wapi na lini

Anza na maktaba yako mwenyewe, ingia uulize kaunta, au angalia ubao wa matangazo pale mlangoni. Ukitaka kuona ya miji ya jirani kuna tovuti ya BookSaleFinder, imepanga magulio jimbo kwa jimbo, sura yake ni ya kizamani kweli lakini inafanya kazi. Majira ya kuchipua na majira ya kupukutika majani ndo wakati wenyewe, ingawa maktaba nyingi zina rafu ya kudumu au kichumba kidogo cha kuuzia mwaka mzima, hiyo nayo usiidharau.

Kama una gari na muda, lenga miji yenye vyuo vikuu. Hapa nitasimama kidogo kwa sababu ndo siri yenyewe. Maktaba ya kitongoji cha kawaida itakupa riwaya za upelelezi, vitabu vya mapishi na vya kupunguza unene mpaka uchoke. Mji wa chuo unakupa maktaba za maprofesa waliostaafu. Ithaca kule New York, mji wa Chuo Kikuu cha Cornell, una gulio kubwa sana mwezi Mei na Oktoba, linaendelea siku kadhaa na bei inazidi kushuka kadri siku zinavyokwenda, na siku ya kwanza watu wanapanga foleni mapema kama wanasubiri viza. Sio lazima uende Ithaca, lakini tafuta Ithaca ya jimbo lako.

Sasa kwa nini Mswahili ajali maprofesa wa watu? Manake vitabu vyetu ndo vimelala huko. Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka vijana kujitolea nchi za nje, ilipoanza mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa kati ya nchi mbili za mwanzo kabisa kupokea vijana wao, nyingine ni Ghana, na Kenya na nchi nyingine zikafuata. Wakati huohuo serikali ya Marekani kwa sheria ya elimu ya ulinzi ya 1958 ilikuwa inamwaga hela vyuoni watu wasome lugha za mbali, Kiswahili kikiwemo. Wale vijana walirudi na vitabu kwenye mabegi, leo wako miaka themanini na kitu, wanahama nyumba kubwa kwenda ndogo au wametangulia mbele za haki, na watoto wao hawajui hata kile kitabu kimeandikwa lugha gani. Kinaenda maktaba. Maktaba inakiweka mezani kwa dola moja.

Uingie siku gani

Kuna siku tatu zinazohesabika. Ya kwanza ni jioni ya wanachama, unaingia kabla ya umma, na uanachama kwa kawaida ni hela ndogo ya mwaka ambayo mara nyingi unaweza kulipa palepale mlangoni. Ya pili ni siku ya wazi ya kwanza. Ya tatu ni siku ya mfuko.

Mi ushauri wangu ni huu: nenda ya kwanza na ya mwisho, ya katikati achana nayo. Siku ya kwanza lipa bei kamili kwa vitu viwili vitatu ambavyo ungejuta kuvikosa, siku ya mfuko ndo ujaribu bahati na vitabu ambavyo usingevigusa kwa bei ya kawaida, historia ya reli, mashairi ya nchi usiyoijua, kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye picha. Ukienda siku ya mfuko peke yake utakuta vitu vya maana vimeshaondoka, ukienda siku ya kwanza peke yake hutapata ujasiri wa kubahatisha.

Siku ya kwanza utakutana na watu wenye skana. Hawa ni wachuuzi wa mtandaoni, wanapiga bakodi ya kila kitabu kwa simu, programu inawaambia kinauzwa bei gani Amazon, wanatupa au wanachukua, wanakwenda haraka mpaka unaweza kudhani wanahesabu kura. Wasikutishe wala usigombane nao. Skana inasoma bakodi, na namba za ISBN zenyewe, zile za kutambulisha kila kitabu, zimeanza kutumika kimataifa mwaka 1970, bakodi kwenye majalada zikaja baadaye tena. Kitabu kilichochapwa Nairobi au Dar mwaka 1968 hakina bakodi, kwa hiyo wengi wao wanakipita kama hakipo. Meza wanazozikimbia wao ndo meza zako.

Chukua keshi ndogo ndogo, mfuko imara wa kwako kama wanaruhusu, chupa ya maji, na viatu vya kusimamia. Halafu jamani, bei haipatanwi. Najua tumezoea, lakini yule bibi pale kaunta anajitolea, hela ni ya maktaba, dola moja ni dola moja.

Ukishaingia: meza gani kwanza

Usianze na meza ya riwaya mpya. Hizo zipo kwenye kila gulio, mwaka ujao zitakuwepo tena, na nyingi unaweza kuziazima bure kwenye simu kwa programu ya Libby ukiwa na kadi ya maktaba. Hii iwe sheria: kitu unachoweza kuazima leo jioni bila hela, usikibebee mgongo.

Nenda kwanza sehemu ya lugha za kigeni. Wanaopanga hawajui Kiswahili, wanaangalia herufi tu, kwa hiyo kitabu chetu unaweza kukikuta katikati ya vya Kiindonesia au kimesukumwa kwenye boksi la mengineyo chini ya meza. Piga magoti, angalia maboksi ya chini, watu wengi hawainami. Hapo utegemee zaidi vitabu vya kujifunzia: kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliyochapwa tena na tena, sarufi ya Ashton ya 1944, na yale mabuku ya kozi ya Kiswahili ya serikali yao ya miaka ya 60 yaliyoandaliwa kwa ajili ya wanadiplomasia wao. Unaweza kusema mi Kiswahili nakijua, nikafanyie nini sarufi. Chukua tu, mifano ya sentensi mle ndani peke yake ni burudani, mzungu anamwagiza mpishi afanye hili na lile, unaona kabisa lugha ilifundishwa kwa ajili ya kazi gani. Na watoto wako waliozaliwa huku wanaosikia bila kujibu, siku moja watakitafuta.

Kisha nenda meza ya Afrika, mara nyingi wameichanganya na safari na utalii. Unatafuta migongo ya rangi ya chungwa, ile African Writers Series ya Heinemann, mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika ulioanza 1962, ilitumika sana madarasani vyuoni kwa hiyo inapatikana. Unatafuta pia majina ya wachapishaji kuliko majina ya waandishi, hii ndo mbinu: East African Literature Bureau, East African Publishing House, Tanzania Publishing House, Oxford ya Nairobi na Dar es Salaam. Ukiona jina hilo chini ya mgongo, toa kitabu hata kama hukijui, kisome ukurasa mmoja. Kwa wanaojali chapa ya kwanza, mchapishaji ndo ushahidi wenyewe: Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 chini ya East African Literature Bureau, ukikuta nembo ya mchapishaji mwingine ujue hiyo ni ya baadaye, isome kwa raha zako lakini usimringie mtu.

Meza ya watoto usiiruke hata kama huna mtoto. Kuna vitabu viwili vya Muriel Feelings, mwalimu Mmarekani mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, alivyovitengeneza na mchoraji Tom Feelings: Moja Means One cha 1971 cha kuhesabu, na Jambo Means Hello cha 1974 cha alfabeti. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, ile tuzo yao kubwa ya vitabu vya picha, ndo maana maktaba nyingi zilivinunua na ndo maana leo zikipunguza rafu vinatua mezani. Michoro ya Tom ya rangi za kijivujivu ni mizuri mno. Hivi mi nikiviona nachukua kila mara, zawadi ya mtoto akizaliwa kwa ndugu.

Kukagua, na hapa usione aibu

Hii kazi ni ya kuchambua mtumba, belo likishafunguliwa macho yaende mbele ya mkono. Fungua kitabu katikati ukinuse. Ndiyo, ukinuse palepale. Harufu ya kabati la zamani haina neno, harufu ya unyevu kama kuta za bafu ni ukungu, rudisha hata kiwe cha nani, manake ukungu unahamia kwa wenzake ukishafika nyumbani. Angalia mgongo na mikunjo ya ndani, vidoti vyeusi vya kushikana vinaweza kuwa kinyesi cha kunguni, hicho usikirudishe kimyakimya, mwambie mtu wa kaunta. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika kurasani ni uzee tu. Kurasa za njano zinazovunjika pembeni ni karatasi yenye asidi, unaweza kukisoma mara moja au mbili, usitegemee kumrithisha mjukuu.

Kitabu kilichotoka kwenye rafu za maktaba yenyewe utakijua kwa muhuri wa WITHDRAWN au DISCARD, kibandiko cha namba mgongoni, kimfuko cha kadi mwishoni, na plastiki angavu juu ya jalada. Wakusanyaji hawavitaki, thamani imeshuka. Msomaji sasa ndo anafaidi, vingi vimeimarishwa kwa ajili ya mikono mingi na ile plastiki inazuia chai. Mi navipenda zaidi vile vyenye karatasi ya tarehe za kurudisha bado imebandikwa, unaona kitabu kiliazimwa 1974, 1975, halafu kimya mpaka 1991, unabaki unajiuliza huyo wa 1991 alikuwa nani na alikitafutia nini.

Kama unatafuta thamani kidogo, angalia ukurasa wa haki miliki. Wachapishaji wengi wanaweka mstari wa namba kutoka 10 mpaka 1, ile namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndo inakuambia ni chapa ya ngapi, ikiwepo 1 ni ya kwanza. Kitabu cha jalada gumu chenye jaketi lisilo na bei kwenye pindo la ndani, na nyuma kuna kishimo kidogo kimebonyezwa pembeni chini kwenye jalada, mara nyingi ni toleo la klabu ya vitabu. Ni kizuri kusoma, hakiuziki.

Kabla ya kulipa

Kaa pembeni, panga vyote sakafuni, na kwa kila kimoja jiulize utakifungua lini. Jibu likiwa "siku moja" kirudishe kwenye meza ulikokitoa, sio juu ya meza yoyote, wazee wale watahangaika kukipanga upya. Vibaki vya wiki moja ijayo, vitatu au vinne, na vichache vya kuwekwa kama kamusi. Siku ya mfuko sheria inalegea lakini isikatike.

Vikishafika nyumbani

Usivipeleke chumbani moja kwa moja. Kama una wasiwasi na wadudu, weka kila kitabu kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, toa hewa, tia kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri siku nne au zaidi, halafu kiache mfukoni mpaka kipate joto la chumba ndo ukifungue, usipofanya hivyo kitatoka jasho. Harufu ya kawaida inapungua ukikifungia kwenye boksi pamoja na bakuli la bekingi soda, wiki hivi, kitabu kisiguse unga. Vibandiko vya bei, puliza hewa ya moto ya drai ya nywele kwanza, usivute kikavu utachana jalada.

Wiki ya kusoma

Jumatatu anza na kitabu chembamba kuliko vyote. Sio kile ulichokipigania, chembamba. Ukimaliza kimoja mapema wiki inakuwa na mwendo, ukianza na lile buku la kurasa mia sita utafika Alhamisi uko ukurasa wa arobaini umeshakata tamaa. Tamthiliya, hadithi fupi, mashairi, au hivyo viwili vya watoto kama unaye wa kusoma naye.

Jumanne na Jumatano ingia kile kikubwa, na hapa tumia kanuni ya Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle: soma kurasa hamsini, kama hakijakushika kiache bila dhambi. Ukishavuka umri wa miaka hamsini unatoa umri wako kwenye mia, kinachobaki ndo idadi ya kurasa unazodaiwa, kwa hiyo mwenye miaka sabini anadaiwa thelathini tu. Kitabu cha dola moja kinakurahisishia hii, ukikiacha hujapoteza kitu.

Wengi wetu tunafanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee au maghala, usidanganywe na wanaosema soma asubuhi saa kumi na moja na chai ya tangawizi, saa hiyo ndo unashuka basi. Soma kwenye mapumziko yako na weka kitabu kwenye begi la kazini, kile cha karatasi laini kisichokuuma kikikunjika, kile kizuri kibaki nyumbani. Na simu iwe begini, kitabu kiwe mkononi, sio kinyume chake. Kuna wazee unaowahudumia watakuuliza unasoma nini, na wengine wao walikuwa walimu, maongezi yatakayofuata ni bora kuliko nusu ya hicho kitabu.

Ijumaa usilazimishe kitu, kama umechoka soma utangulizi na picha.

Jumamosi mpigie mtu wa nyumbani umsomee ukurasa mmoja wa zile sentensi za sarufi ya kikoloni, mama au shangazi, wanacheka mpaka wanasahau kuuliza hela.

Jumapili amua hatma ya kila kimoja. Cha kubaki andika jina lako, mji na mwaka kwa penseli ukurasa wa mwanzo. Cha kutuma nyumbani kiweke boksi lake, na hapo ujue mambo haya: bei nafuu ya posta inayoitwa Media Mail ni ya ndani ya Marekani tu, kwa nje kuna utaratibu wa M-bag wa vitabu na magazeti kwa mpokeaji mmoja, unakwenda mpaka ratili 66 na unatozwa kuanzia ratili 11 hata kama zako ni chache, kwa hiyo waulize posta kama unafika nchi yako na usitume vitabu vitatu kwa njia hiyo. Wengi wanachomeka vitabu kwenye mapipa ya mizigo au kontena za wenzao, hiyo ni sawa ila vifungie plastiki mara mbili, bahari haina huruma na karatasi. Ukisafiri mwenyewe na begi la kilo 23, visambaze katikati ya nguo, begi la vitabu vitupu linapita uzito kabla hujalijaza nusu.

Vilivyobaki virudi maktaba vikauzwe upya, au viweke kwenye yale masanduku madogo ya vitabu yaliyosimamishwa mbele ya nyumba za watu, Little Free Library, yaliyoanzia Hudson, Wisconsin mwaka 2009. Kabla ya kupeleka maktaba uliza wanapokea siku gani na hawapokei nini, sehemu nyingi zinakataa ensaiklopidia, vitabu vya kiada vya zamani na chochote chenye ukungu, na usiache maboksi mlangoni usiku, mvua ikinyesha kazi ya kuyatupa inaangukia wale wale wazee.